Aliyekifungua Kifuniko (Sehemu ya Saba)

Mlango uliotuacha Jumamosi iliyopita tukiwa tumeshika pumzi ulifunguka wote, msomaji, na aliyeingia alikuwa Teresiah.

Asenath Muhonja alihisi mabega yake yakilegea. Ndiye aliyekuwa akimngoja. Barua ya kumwita kwenye kikao cha nidhamu ilisema ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake, amchaguaye mwenyewe, akae kando yake na asikie yote. Asenath hakufikiri mara mbili. Yeye na Teresiah walianza kazi pamoja katika kiwanda kile cha sabuni pale Industrial Area, wakala mezani pamoja, wakazikiana wazazi.

Teresiah alifunga mlango. Akapita nyuma ya kiti kilichoachwa wazi karibu na Asenath. Akazunguka meza. Akavuta kiti kando ya Bwana Munene, meneja wa wafanyakazi, akakaa.

"Teresiah, ni huku," Asenath alinong'ona.

Teresiah aliziangalia kucha zake.

"Yuko mahali pake," Munene akasema. "Ni shahidi wa kampuni."

"Huyu ni wangu! Nilimwandika jina."

"Ulimwandika, amekuja. Sheria inataka nini kingine?" Munene alifungua faili. "Unashtakiwa kwamba wewe, msimamizi wa kitengo cha kukata miche ya sabuni, uliamuru mtambo uwashwe bila kifuniko cha usalama, na kwa amri hiyo mfanyakazi Mukhwana akapoteza vidole vya mkono wa kulia."

"Huo ni uongo! Nilipokuta kifuniko hakipo nilikuja mbio hapa hapa ofisini. Nilikuwa nimesimama mbele yako nikikuambia mtambo usiwashwe, ndipo tukamsikia Mukhwana akipiga mayowe. Au umesahau?"

"Shahidi atatukumbusha. Teresiah?"

Teresiah alimeza mate. Sauti yake ilitoka ndogo sana.

"Alisema tuwashe. Alisema oda imechelewa."

Asenath alisukuma kiti nyuma. Kisha akasimama.

"Nataka kikao kiahirishwe. Nimlete mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Huyu mmeshamchukua."

"Kikao hakiahirishwi. Keti." Munene alisukuma karatasi mbele yake, akaweka kalamu juu. "Mimi si mtu mbaya, Asenath. Ukijiuzulu leo kwa hiari yako, utalipwa notisi, utalipwa likizo, utapata kiinua mgongo na barua ya kukusifu. Ukikataa, nakufuta kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Utatoka na hiyo ovaroli, na hata hiyo utamwachia askari langoni."

Asenath aliichukua kalamu. Ndiyo, aliichukua, tusimsingizie ushujaa ambao hakuwa nao. Alimfikiria bintiye Sally, aliye katika mwaka wa mwisho wa sekondari. Aliifikiria kodi ya nyumba. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye ile nafasi ya jina alipousoma mstari ulio juu yake: *Nakiri kwamba ni mimi niliyeamuru.*

"Na Mukhwana atakuwaje?" aliuliza.

"Mukhwana atamdai aliyemuumiza."

"Yaani mimi."

"Umesoma vizuri."

Asenath aliirudisha kalamu mezani taratibu.

"Sitii sahihi."

"Basi umefutwa," Munene akasema, akafunga faili.

*

Langoni, Magan, askari wa zamu ya mchana, aliipokea kadi ya kazi ya Asenath bila kumtazama usoni. "Pole, mama," alisema. "Nimeambiwa nisikuruhusu tena."

Asenath alikuwa amevuka barabara aliposikia viatu vikija mbio nyuma yake.

"Mama Sally! Mama Sally, nisikize!"

"Usiniite kwa jina la mtoto wangu."

Teresiah alisimama, anahema. Macho yalikuwa mekundu. "Kandarasi yangu inaisha mwezi huu. Na nina mimba. Munene alisema asiyesimama na kampuni hatapewa kandarasi nyingine."

"Mwanamke hafutwi kwa sababu ya mimba. Sheria inakukinga."

"Atanifutia nini? Ataiacha tu kandarasi ife yenyewe. Hapo sheria itasema nini?"

Asenath alijua ni kweli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Ungekuja kuniambia," alisema hatimaye.

"Ningekuambia, ungeniruhusu nikuuze?" Teresiah alifuta pua kwa mkono. "Wewe hata ukikosa kazi una bwana fundi, anawalisha. Mimi nina nani? Tena fundi mwenyewe anajulikana na Munene, hawezi..." Akajiziba mdomo.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Munene anamjulia wapi mume wangu?"

Lakini Teresiah alikuwa amegeuka. Alirudi langoni nusu akitembea, nusu akikimbia, na Magan akamfungulia.

Simu ya Asenath ikalia. Alikuwa Andati, mumewe.

"Umetia sahihi?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Sahihi ya nini?"

"Asenath, tafadhali. Tia sahihi, uje nyumbani. Kazi si hiyo moja."

Asenath alisimama ukingoni mwa barabara. Asubuhi ile alimwambia mumewe kwamba anaitwa kujieleza. Hakumwambia kuna kitu cha kutia sahihi. Angemwambiaje, na yeye mwenyewe hakujua?

"Andati," alisema polepole. "Nani amekuambia kuhusu hiyo karatasi?"

Simu ilikatika. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

*

Wengine wangekimbilia nyumbani. Asenath alienda Dandora, kwa Mukhwana, kwa maana jambo moja alilijua: aliyeumia ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mtambo.

Nerima, mke wa Mukhwana, alikuwa nje ya mlango anaanua nguo kabla moshi wa jaa la taka haujazifikia. Alipomwona mgeni aliiacha shuka ikining'inia.

"Umekuja kuona kama kuna vidole vimebaki?"

"Nerima, nimekuja kumjulia hali."

"Hali yake uliiacha kwa mtambo. Ondoka kwangu!"

Majirani walianza kuchungulia. Asenath alikuwa ameshageuka aliposikia sauti ya kiume kutoka ndani, dhaifu lakini ya kuamuru.

"Nerima. Mwache aingie."

Mukhwana alikuwa kitandani, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko, umeinuliwa juu ya mito. Alikuwa mtu wa kubeba magunia bila kuomba msaada. Sasa uso ulikuwa umenywea.

Asenath alishindwa kukaa. "Nisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini? Ulikataa. Nilikusikia kwa masikio yangu ukisema msiguse huo mtambo mpaka nirudi."

Nerima, aliyesimama mlangoni mikono kiunoni, aliishusha ile mikono.

"Basi nani aliwaambia muwashe?" Asenath aliuliza.

"Ulipotoka tu, simu ya kitengo ikalia. Teresiah akaishika. Akatuambia ni ofisi, meneja amesema tuwashe, oda inangoja. Nikawasha mimi."

Asenath akaona tena alivyoukuta mlango wa Munene wazi siku ile, na Munene akirudisha simu mahali pake. Kumbe alichelewa kwa kupanda ngazi tu! Na kumbe Teresiah hakuwa akilinda kandarasi peke yake. Sauti iliyopeleka amri ilikuwa yake.

"Na kifuniko, Mukhwana? Jumamosi niliondoka kikiwapo. Jumatatu nikakuta nafasi tupu."

Mukhwana alimtazama mkewe, akatazama ukuta.

"Mwambie," Nerima akasema. "Ama asubiri asomewe kortini?"

"Jumapili nilikuwa ovataimu, napakia lori," Mukhwana alisema. "Munene alikuja na fundi wa nje. Fundi akaingia chini ya mtambo, akafungua nati, akakitoa kifuniko. Alipotoka alinikuta pale. Akanisalimu kwa jina."

"Unamjua?"

"Mama Sally, nilidhani na wewe unajua. Ndiyo maana sijakupigia simu." Mukhwana alifumba macho. "Alikuwa Andati. Baba Sally."

Asenath aliushika ukuta. Jumapili ile mumewe alitoka asubuhi na mfuko wa vifaa, akasema anaenda kuchomelea geti la kanisa huko Umoja. Alirudi jioni na nyama.

Nerima alimsogezea kiti.

*

Karakana ya Andati iko Kariobangi Light Industries, kati ya watengenezaji wa majiko na wapaka rangi wa magari. Asenath alitembea kutoka Dandora mpaka pale bila kujua anakanyaga wapi. Alimkuta mumewe ameinama juu ya fremu ya dirisha, cheche zinaruka. Alingoja mpaka zikazima.

"Jumapili ulichomelea geti la kanisa gani?"

Andati alivua miwani. Alimtazama mkewe kwa muda, akaona kwamba hapakuwa na la kuficha.

"Nani amekuambia?"

"Mtu asiye na vidole."

Andati aliketi juu ya chuma. Nyundo za majirani ziliendelea kulia pande zote, kwa hiyo ilibidi Asenath ainame ili amsikie.

"Munene alinipigia. Alisema miche inakwama kwenye kifuniko, kazi inachelewa. Nikamwambia ile ni hatari. Akasema ni kwa hiyo oda tu, kisha nitaitwa nikirudishe. Akasema nisikuambie, maana wewe utaleta maneno na utafutwa."

"Kwa hiyo ulinyamaza ili nisifutwe."

"Ndiyo."

"Na sasa nimefutwa."

Andati aliinamisha kichwa.

"Ulijua ni watu wangu wanaofanya kazi pale," Asenath alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia, na hiyo ndiyo iliyomtisha mumewe. "Mukhwana alikusalimu?"

"Alinisalimu."

"Ukaja nyumbani ukakata nyama."

"Nilitaka kukuambia Jumatatu. Nilipoamka ulikuwa umeshaenda." Andati aliupaka uso masizi akifuta machozi. "Leo asubuhi Munene alinipigia tena. Alisema usipotia sahihi, atawaambia polisi kwamba niliingia bila ruhusa nikaharibu mtambo, na mke wangu akanifichia siri. Atanifunga, Asenath. Mimi ni fundi wa jua kali, nani atanisikiza mbele ya meneja?"

Ndipo Asenath alipouona mtego wote. Akitia sahihi, yeye ndiye mkataji wa vidole vya Mukhwana, na Mukhwana hatapata hata fedha za dawa kutoka kwa kampuni. Akipigana, anampeleka baba wa mtoto wake jela kwa mikono yake.

"Kesho naenda ofisi ya leba nikamshtaki Munene," alisema. "Uje, usije, mimi naenda."

"Na mimi nikifungwa, Sally atasemaje?"

Asenath alimpa mgongo. Aliondoka, na nyuma yake hakusikia mlio wa kuchomelea tena.

*

Asubuhi iliyofuata kitanda upande wa Andati kilikuwa baridi. Alikuwa ametoka mapema bila kuaga. Asenath alivaa nguo ya kanisani, akaenda peke yake.

Afisa wa leba, Bi. Ndete, alikuwa mwanamke wa makamo aliyesikiliza huku ameshika kidevu, bila kuandika. Asenath alimweleza kikao, kiti cha Teresiah, karatasi, kalamu.

"Hicho hakikuwa kikao," Bi. Ndete alisema alipomaliza. "Hata mtu akishikwa na mzigo wa wizi mkononi, kabla hajafutwa anaelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake aliyemchagua, na anasikizwa. Wewe mwenzako walimgeuza shahidi, ukaomba mwingine, wakakunyima. Isitoshe, mwenye mashtaka ndiye aliyekuwa hakimu. Hata wakisema ulikosa vibaya namna gani, siku ulizofanya kazi ni zako, na cheti cha kuonyesha ulifanya kazi pale ni chako. Mengine tutayapigania. Hapa kwanza, na ikishindikana, mahakama ya kazi."

Alimpigia Munene simu papo hapo. Alipoiweka chini, alikunja uso.

"Anakuja. Hata hakubisha. Mtu mwenye makosa huwa anabisha." Akamgeukia Asenath. "Kabla hajafika, nijibu. Kifuniko alikifungua nani?"

Asenath aliutazama mlango.

"Bi. Asenath, wao wanasema ni amri yako. Usiponiambia, nitakusaidiaje?"

"Ni fundi wa nje."

"Ana jina?"

Mkoba wa Asenath ulikuwa mapajani. Aliukaza kwa mikono miwili. Akavuta pumzi.

"Anaitwa..."

"Anaitwa Andati," sauti ikasema mlangoni. "Ni mimi."

Alikuwa bado na nguo zake za kazi. Viatu vilikuwa vyeusi kwa tope la Dandora.

"Nimetoka kwa Mukhwana," alimwambia mkewe, kana kwamba afisa hayupo. "Nilianza huko. Nimemwomba msamaha mbele ya mkewe. Amesema atakuja mchana huu aseme yote aliyoyaona, Jumapili na Jumatatu."

Asenath aliuweka mkoba chini. Alisogea tu kwenye benchi, akamwachia nafasi. Kwa mara ya kwanza tangu jana alipata pumzi iliyofika mwisho wa kifua.

Laiti ingebaki hivyo! Lakini mlango ulifunguliwa tena bila hodi, na Munene akaingia na polisi wawili nyuma yake.

"Huyo," alisema, akinyoosha kidole. "Kiwanda kimeripoti. Aliingia akaharibu mtambo, mtu akaumia."

"Uliniita wewe!" Andati alisimama. "Ulinishikia tochi!"

"Amekiri kwamba aliingia. Mmesikia."

"Bwana Munene," Bi. Ndete alisema, amesimama pia, "nimekuita kwa usuluhishi. Hapa ni ofisi ya leba, si uwanja wako."

"Kuna ripoti, mama," polisi mmoja akasema, kama mtu anayeomba radhi. "Tukifika kituoni tutajua. Kijana, twende."

Andati alitoa funguo za karakana mfukoni akampa mkewe. Wakamtoa. Bi. Ndete akatoka nao, akiuliza kwa sauti ya juu wanampeleka kituo gani na kwa amri ya nani.

Akabaki Asenath na Munene.

"Ile karatasi iko kwenye gari," Munene alisema kwa upole. "Kampuni inaweza kuondoa ripoti. Chakula cha jioni mtakula pamoja."

"Iache huko huko kwenye gari."

"Unategemea nini, mama? Fundi aliyekiri? Mtu asiye na mkono wa kuandikia?"

"Mdomo anao," Asenath alisema. "Na anakuja."

Munene hakukasirika. Alitazama saa yake, akaketi kwenye kiti cha wageni, akakunja nne. Utulivu ule ulimwingia Asenath mwilini kama homa.

Simu yake ikalia. Ilikuwa namba ya Nerima.

"Asenath?" Nerima alikuwa analia na kukimbia kwa pamoja. "Mko naye? Niambie mko naye!"

"Na nani?"

"Mukhwana! Gari la kampuni limemchukua sasa hivi. Watu wawili, wamembeba na mito yake. Wamesema ni hospitali, hospitali gani hawasemi, na simu yake haiingii."

Asenath alimtazama Munene. Munene alikuwa anamtazama yeye.

"Nerima, uliwafunguliaje mlango?"

"Mwanzo nilikataa!" Nerima alilia. "Nilifungua kwa sababu walisema wametumwa na wewe."